Mawindo ya Wageni na Haki ya Jirani wa Pori

 

Ndugu msomaji, kila ufikapo mwezi wa Julai, majani yanapokauka katika uwanda wa kati wa nchi yetu, huanza msimu ambao wengi wetu tuishio Dodoma na Singida huusikia kwa mbali tu. Ndege ndogo hutua katika viwanja vya vumbi ndani ya mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, nazo hushusha wageni waliokuja kuwinda. Aghalabu mgeni huyo ni mzee aliyestaafu, kutoka Marekani au Ulaya, akiwa amefuatana na mkewe. Wameweka akiba miaka mingi, watoto wao wamekua, nao wameamua kuyaona mapori ya Afrika kabla nguvu hazijawaishia. Hupokewa na mwindaji bingwa ambaye ndiye kiongozi wao porini, na nyuma yake huwapo dereva, mpishi, wasoma nyayo, wachuna ngozi na askari wa wanyamapori. Safari ya kuwinda simba au tembo kwa desturi huchukua siku 21. Wakiondoka, kinachowafuata kwao ni fuvu, pembe na ngozi.

Miongoni mwa wanaoajiriwa katika kambi hizo wamo vijana wetu wa Kiislamu wa Manyoni, Itigi na Kondoa. Baadhi yao hutujia misikitini na maswali matatu. Je, kumuua mnyama kwa ajili ya pembe zake kunajuzu? Je, nyama ya mnyama aliyepigwa na mgeni asiyekuwa Muislamu tuile? Na je, ujira wetu ni halali? Maswali haya ni mazuri, na nitajitahidi kuyajibu kwa kadiri ya uwezo wangu. Lakini lipo swali la nne ambalo vijana hawaliulizi, nalo ndilo zito kuliko yote: mnyama anapouawa katika pori, jirani wa pori hilo amepata nini?

Mawindo katika sheria

Asili ya mawindo ni uhalali. Katika Suratul Maida, aya ya 4, Allah (S.W.) ameihalalisha nyama inayokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, na sahaba Adiy bin Hatim, ambaye watu wake wa kabila la Tayy walikuwa wawindaji, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kwa urefu juu ya mbwa na mishale, naye akamjibu bila kumkemea. Hapana shaka kwamba mwenye njaa, mwenye familia ya kulisha, au mwenye kujikinga na madhara, ana ruhusa.

Hata hivyo, katika sura hiyo hiyo, aya ya 94, mawindo yametajwa kuwa ni mtihani. Waumini hujaribiwa kwa wanyama walio karibu, wanaofikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili adhihirike anayemcha Mola wake hata pale ambapo hakuna amwonaye. Zingatia vizuri, ndugu msomaji. Mtu aliye porini na silaha mkononi, mbele yake kiumbe kisichoweza kujitetea, yumo katika chumba cha mtihani.

Ndiyo maana mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yameweka mipaka. Imepokewa na Imam An-Nasai kwamba hata ndege mdogo aliyeuawa kwa mchezo, pasina manufaa, atamshitaki muuaji wake Siku ya Kiyama. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakawa wanamlenga kwa mishale, akawakemea na kuwakumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Aidha Abu Daud na Tirmidhi wamepokea onyo kwamba mwenye kuyaandama mawindo hughafilika. Kutokana na haya, wanazuoni wamesema kuwa kuwinda kwa ajili ya chakula, biashara ya halali au kuondoa madhara ni mubaha. Kuwinda kwa pumbao tu kunachukiza. Na pale ambapo mnyama huachwa aoze, wako walioharamisha moja kwa moja.

Kisa cha yule ndege aliyefungwa hakijapitwa na wakati. Huko Afrika Kusini, kwa miaka mingi, simba wamekuwa wakifugwa ndani ya uzio tangu wakiwa wadogo, kisha mgeni mwenye fedha huletwa kumpiga simba asiye na pa kukimbilia. Mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ilitangaza nia ya kuikomesha biashara hiyo, baada ya jopo la wataalamu kuipendekezea hivyo. Hapa kwetu sheria inamkataza mwindaji kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari, na kanuni zinataka simba anayewindwa awe dume aliyefikisha umri wa miaka sita. Walioandika kanuni hizo walikuwa na hesabu zao za kitaalamu, lakini Muislamu anayezisoma huona ndani yake adabu anayoifahamu.

Nyama, ngozi na ujira

Tuje kwenye nyama. Neno letu bunduki asili yake ni Kiarabu, na zamani lilihusu tonge za udongo zilizokuwa zikirushwa kuulia ndege. Wanazuoni wa kale walikataza kula mnyama aliyeuawa kwa tonge hizo, kwa kuwa humuua kwa kishindo na si kwa kupenya. Risasi ilipokuja, baadhi walishikilia hukumu ya zamani kwa sababu ya jina tu. Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, alitazama kitu chenyewe akasema kuwa risasi hupenya, basi hukumu yake ni ya mshale. Ama mwindaji akiwa ni katika Watu wa Kitabu, wanazuoni wengi wamelihalalisha windo lake, japo Imam Malik hakuliona hivyo. Njia iliyo salama ni ile ambayo vijana wetu wengi huifuata: Muislamu huwahi mbele, akamkuta mnyama angali na uhai, akamchinja kwa jina la Allah. Nyati, pofu na tandala wakichinjwa hivyo ni chakula kizuri. Ama simba na chui hawaliwi, kwa kuwa ni wanyama wenye meno ya kuwindia, na katika madhehebu yetu ya Shafi tembo naye haliwi.

Hapo ndipo mizani inapoonekana. Mgeni anayempiga nyati ameua mnyama ambaye nyama yake inaweza kulisha kitongoji. Anayempiga simba au chui, ambao hawaliwi, ameua kwa ajili ya ngozi. Mnyama mkali anayevamia watu na mifugo huruhusiwa kuuawa, wala hatuna ubishi. Lakini simba aliyetulia ndani ya pori, mbali na zizi la mtu, amemdhuru nani? Na chui huvutwa kwa mzoga wa mnyama mwingine unaotundikwa mtini, kwa hiyo roho mbili hutoka kwa ajili ya zulia moja. Mtume (S.A.W.) alikataza kukalia na kupandia ngozi za chui, na wanazuoni wakaeleza kuwa sababu mojawapo ni kiburi na majivuno yaliyomo ndani yake. Ukuta wa sebule uliopambwa kwa vichwa vya wanyama hauko mbali na maana hiyo.

Ama ujira, kuendesha gari, kupika, kulinda kambi na kusoma nyayo ni kazi za halali, na kijana asidharau riziki yake. Lakini kijana asijione hana hatia pindi nyama inapoachwa ikaoza na yeye yupo, akanyamaza. Amwambie kiongozi wake kwa adabu kwamba kijiji kiko jirani, na nyama hii ina wenyewe.

Wageni wa zamani

Wageni kufuata wanyama katika uwanda huu si jambo la jana. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo, kwa sababu maji yalikuwa machache na aliyeyatumia alipaswa kumpa mwenye nchi chochote. Wasafiri walilalamika sana. Aidha, katika jamii nyingi za bara, tembo akiuawa, jino lililolalia ardhi lilikuwa la mtemi. Twaweza kuulaumu utaratibu huo kwa mengi, na neno hongo lenyewe limeishia kuwa jina la rushwa. Lakini ulikubali jambo moja: mnyama hafi katika nchi isiyo na watu.

Wajerumani walipokuja waliliona jambo hilo vingine. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji na kutenga mapori ya akiba ya mwanzo. Tangu hapo mwenye leseni akawa mwindaji, na mwenyeji asiye na leseni akawa jangili, hata kama babu yake aliwinda bonde hilo hilo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika Mombasa na mwanawe Kermit, na katika safari yao ya Afrika wawili hao waliua wanyama 512. Wengi wao walipelekwa katika makumbusho ya Washington, na huo ulikuwa udhuru ambao wageni wengi waliofuata hawakuwa nao. Mwishoni mwa 1933 mwandishi Ernest Hemingway alikuja Tanganyika na mkewe Pauline, wakiongozwa na Philip Percival, wakawinda kuanzia Babati hadi nyika za kuelekea Handeni. Alichapisha kitabu juu ya safari hiyo mwaka 1935. Ukikisoma utamjua Percival kwa heshima, na utajua urefu wa pembe za tandala. Lakini wenyeji waliosoma nyayo, ambao pasina macho yao asingepata chochote, baadhi yao wanatajwa kwa majina ya utani aliyowabandika mgeni. Hata majina yao hawakuachiwa.

Tulipokaribia uhuru, mwezi Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la uhifadhi, akaahidi mbele ya dunia kwamba nchi itawatunza wanyamapori wake kama amana. Mwaka 1973 serikali ilisimamisha uwindaji, na mwaka 1978 ukaruhusiwa tena chini ya shirika la umma la TAWICO. Baadaye kampuni binafsi zikaingia, ikaja Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, kisha Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA, na tangu mwaka 2019 vitalu vya uwindaji vimekuwa vikinadiwa kwa njia ya kielektroniki.

Hoja ya uhifadhi

Watetezi wa uwindaji wana hoja, na uadilifu unatutaka tuisikilize. Wanasema kuwa Rungwa na Muhesi si Serengeti. Ni mapori ya miombo na vichaka vizito, yana mbung'o, njia zake ni mbovu, na mtalii wa kupiga picha hapendi kwenda huko. Mwindaji mmoja hulipa fedha nyingi kuliko wapiga picha wengi, tena haulizi habari ya hoteli. Akiondoka yeye, wanasema, watakuja wakata mkaa, wachungaji na majangili. Huitaja Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ambako watafiti wamekuta kuwa wanyama wakubwa wa porini walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya mwaka huo na 2016. Hoja hii ina uzito, ingawa sababu za upungufu huo ni nyingi, na kuongezeka kwa watu na mifugo ni mojawapo.

Lakini uadilifu huo huo unatutaka tukumbuke ya kwetu. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa wapatao 109,000. Ilipofika 2014 walikadiriwa kuwa wapatao 43,000. Wengi walimalizwa na majangili wa pembe, na miaka hiyo yote vitalu vya uwindaji vilikuwapo na wageni walikuwa wakilipa. Fedha za mgeni peke yake hazikuwa ngao. Tena ni fedha zinazotegemea hisia za watu walio mbali. Mwaka 2014 Marekani ilisimamisha kuingizwa kwa nyara za tembo kutoka kwetu. Mwaka 2015 simba aliyeitwa Cecil aliuawa huko Zimbabwe na daktari wa meno wa Kimarekani, na ghadhabu ya dunia ikautikisa uwindaji wote wa Afrika. Mlinzi anayeweza kufukuzwa kazi na uvumi wa nchi nyingine si wa kutegemewa.

Mlinzi wa kutegemewa ni jirani. Ndiye anayeona moto unapowashwa porini, anayejua mgeni yupi wa kijiji amekuja na bunduki usiku, na anayechagua kusema au kunyamaza. Hapa ndipo swali letu la nne linapotuleta.

Haki ya jirani

Jirani wa pori anaishi vipi? Katika vijiji vya Manyoni, Bahi, Chemba na Kondoa, tembo huingia mashambani mtama na uwele vinapokaribia kuvunwa, na kazi ya msimu mzima huliwa kwa usiku mmoja. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu: familia ya aliyeuawa na mnyama ilipangiwa shilingi milioni 1, na ekari ya mazao haikuzidi shilingi 100,000. Linganisha na maelfu ya dola yanayolipwa kwa simba mmoja au tembo mmoja anayepigwa na mgeni. Hatusemi kuwa uhai wa mtu hupimwa kwa fedha. Tunasema kuwa mwenye kuona namba hizo mbili ataelewa kwa nini jirani hamlilii mnyama.

Jirani huyo akitega digidigi kwa ajili ya kitoweo, sheria humwita jangili, na katika makosa ya kupatikana na nyara za serikali kifungo chaweza kufika miaka 20 hata 30. Hatumtetei mvunja sheria, kwani kutii mamlaka katika mema ni wajibu, na mitego haibagui jike mwenye mimba. Lakini fikiria mzee wa Kisandawe wa Farkwa au Kwa Mtoro, ambaye wazee wake walikuwa wawindaji mashuhuri kabla hapajawa na Pori la Akiba la Swagaswaga. Akitazama, huona mzee mwenzake kutoka ng'ambo akiua kwa kujifurahisha na kupewa mkono wa pongezi, na kijana wake akiua kwa njaa na kupelekwa jela. Wote wawili wameua. Kilichowatenganisha ni karatasi na fedha. Jamii haiwezi kumfundisha mtu kwamba mnyama ni amana ya Allah huku ikimwonesha kwamba amana hiyo inauzwa.

Kwa miaka mingi utaratibu wa serikali umeelekeza asilimia 25 ya ada za wanyama wanaowindwa katika halmashauri za wilaya husika. Ni jambo jema. Ila kati ya halmashauri na kijiji kuna njia ndefu, na fedha zikipita njia ndefu hupungua. Vilevile mwaka 2020 zilitungwa kanuni za kuruhusu mabucha ya nyamapori, ili mwananchi ainunue nyama hiyo kwa halali. Nalo ni jema, lakini aliye jirani na pori hastahili kungoja nyama iende mjini kwanza ndipo arudishiwe kwa bei ya dukani.

Nasaha

Kwa viongozi wetu, wakiwamo Waislamu walio katika halmashauri na wizara, nasaha yangu ni tatu. Kwanza, nyama ya kila mnyama anayeliwa aliyepigwa katika kitalu ipelekwe kijiji cha karibu, iandikwe, na mwenyekiti wa kijiji atie saini. Pili, fedha zinazotokana na kitalu zisomwe hadharani katika mkutano wa kijiji: zimeingia ngapi, zimejenga nini, zimebaki ngapi. Tatu, kifuta jasho kilipwe kabla ya msimu mwingine wa kilimo, kwani haki inayochelewa hadi mwenye njaa ahame imekwisha kuwa dhulma. Atakayesema hayo hayawezekani, akumbuke kwamba hukumu ya Siku ya Kiyama haina halmashauri ya kusingizia.

Kwa vijana wetu walio kambini: fanyeni kazi kwa uaminifu, msichukue cha wizi, na pale nyama inapotaka kuachwa porini, semeni. Kwa wageni wenyewe, kama maneno haya yatawafikia kupitia kwa vijana hao: nchi hii inawakaribisha, na uzee wenu tunauheshimu. Lakini aliyefikia umri wa kustaafu amekwisha kuzika wazazi, pengine na ndugu, na anajua roho inavyotoka. Tunamtarajia yeye zaidi kuliko kijana aulize, kabla ya kufyatua, ni nani atakayekula na ni kwa nini kiumbe hiki kife leo.

Nasi tusio na bunduki wala dola, tusidhani mtihani wa aya ile ni wa wengine. Kila anayepokea mshahara, kodi au mradi uliotoka katika pori amekula sehemu ya windo. Basi na aulize kama jirani amekula pia.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa walinzi wema wa alivyotukabidhi, na atuepushe na kula haki ya mnyonge. Wabillahi tawfiq.